Mikono ile ile ya Probox: gari la bei mbaya linaposisimua mwili

Kwenye gereji moja nyuma ya soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, kulikuwa na Altezza iliyopandishwa kwenye jeki, haina magurudumu ya mbele, na kijana mwenye nayo amekaa juu ya tairi akisubiri. Akafungua video kwenye simu, gari jeupe likipashwa injini, akaongeza sauti mpaka mwisho. Fundi aliyekuwa uvunguni akaacha spana. Jirani aliyekuwa akichomelea ekzosi akazima mashine. Hata mama wa chai, aliyekuwa akikusanya vikombe vyake, alisimama na kikombe mkononi.

"Hilo ni gari gani, mwanangu?" fundi akauliza huku akijivuta kutoka chini.

"Lexus, mzee. LFA."

"Lexus si ndiyo Toyota?"

"Ndiyo Toyota yenyewe."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akataka video irudiwe. Ilipoisha akatikisa kichwa. "Toyota hailii hivyo."

Mimi nilikuwa nimepeleka gari langu kubadilishwa bushi. Nimeondoka na swali ambalo nimelibeba wiki nzima, kwa sababu fundi aligusa jambo ambalo wapenzi wa magari hubishana bila kulimaliza: je, kampuni kubwa iliyozoea kuuzia watu magari ya kawaida na ya starehe, ikiamua kutengeneza gari la kasi la bei mbaya, gari hilo linaweza kusisimua kweli? Au tunachokisikia ni kelele ya fedha?

Huku kwetu jibu la haraka ni kwamba haiwezekani. Toyota tunaijua. Ni Probox inayoshuka kutoka Tukuyu imejaa ndizi mpaka shokapu zimelala. Ni Noah, ni Hiace, ni Coaster, ni Land Cruiser inayofika Makete wakati wa masika pale ambapo magari mengine yamekwama na wenyewe wamevua viatu. Tunaipenda kama tunavyompenda mjomba ambaye hajawahi kuchelewesha ada ya shule. Lakini hakuna aliyewahi kusimama kando ya barabara pale Uyole, mwili ukamsisimka, kwa sababu Probox imepita.

Nadhani ubishi hauishi kwa sababu tunachanganya mambo matatu, na Kiswahili chetu kina maneno ya kuyatenganisha. Kuna heshima: unaliheshimu gari kwa sababu halikuangushi. Kuna majivuno: unalitaka gari kwa sababu ya wale watakaokuona ndani yake. Halafu kuna kusisimka, ambako hakupitii kichwani kabisa. Nywele za mkono zinasimama kabla hujajua bei wala jina. Mama wa chai hakujua Lexus ni nini. Hakuwa na sababu ya kuheshimu wala ya kujivuna, na bado alisimama. Ndiyo maana namchukua yeye kama shahidi wangu wa kwanza, mbele ya waandishi wote wa magari.

Kampuni za magari ya starehe huuza heshima na majivuno kwa ustadi mkubwa. Msisimko ndio unaozipiga chenga, na kwa Lexus ugumu ulikuwa wa pekee. Jina hilo lilizaliwa mwaka 1989 na gari la LS 400, na sifa yake kuu ilikuwa ukimya. Tangazo lake maarufu la Marekani lilionyesha glasi za shampeni zimepangwa kama piramidi juu ya boneti, injini ikizungushwa kwa nguvu, na hakuna glasi iliyoanguka. Kampuni iliyojenga jina kwa kutosikika ndiyo ilikuja kutengeneza injini inayozimisha mashine ya kuchomelea Mwanjelwa.

Na sisi tumekuwa tukiendesha Lexus muda mrefu bila kuiita hivyo. Nchini Japani jina la Lexus halikutumika mpaka mwaka 2005. Kabla ya hapo magari hayo yaliuzwa huko kwa nembo ya Toyota. Harrier ya kwanza, ile iliyojaa mitaani kwetu, ndiyo Lexus RX 300 ya Wamarekani. Aristo ndiyo GS. Altezza ya yule kijana ndiyo Lexus IS. Kwa hiyo fundi alipouliza kama Lexus si Toyota, alikuwa ameshalala chini ya Lexus mara nyingi kuliko mawakala wengi wa Ulaya.

Sasa LFA yenyewe. Kazi ilianza mwaka 2000 chini ya mhandisi mkuu Haruhiko Tanahashi. Gari la maonyesho likaonekana Detroit mwaka 2005, na lile la kuuzwa likaonyeshwa Tokyo mwaka 2009. Utengenezaji ulianza Desemba 2010 na kukoma Desemba 2012, magari 500 tu, kwenye kiwanda cha Motomachi, kwa kasi ya karibu gari moja kwa siku. Injini ni ya silinda 10, lita 4.8, haina tabo (ile feni ya kuisukumia injini hewa ya ziada), inatoa nguvu-farasi 552. Kasi ya juu ni kilomita 325 kwa saa. Bei nchini Marekani ilianzia dola 375,000, fedha ambayo kwa kiwango cha leo inakaribia shilingi bilioni moja kabla hujaongeza ushuru wowote.

Ukiziweka namba hizo kwenye karatasi, wenye dharau walikuwa na hoja. Ferrari 458 Italia, iliyotoka mwaka 2009, ilikuwa na nguvu-farasi zaidi kidogo, giaboksi ya kisasa zaidi ya klachi mbili, na bei ya chini kwa mbali. Nissan GT-R ilikuwa imeingia sokoni kwa chini ya robo ya bei hiyo, na ilikuwa ikiaibisha magari ya fahari kwenye mzunguko wa Nürburgring kule Ujerumani. LFA ilikuwa na giaboksi ya klachi moja, inayochukua sehemu ya tano ya sekunde kubadilisha gia, na ukiwa ndani unausikia mshtuko wa kila gia. Watu walisema wazi: nani atoe fedha ya Ferrari na chenji juu yake anunue nembo ya gari la meneja wa benki? Wanunuzi wengi walikubaliana nao. Mwaka 2017, miaka mitano baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza, bado kulikuwa na LFA mpya zisizouzwa katika maduka ya Marekani.

Leo LFA zinauzwa kwa bei zaidi ya ile ya mwanzo, na zile chache zilizotengenezwa kwa mtindo wa Nürburgring zimevuka dola milioni moja kwenye minada. Wapenzi wake huzitaja bei hizo kama uthibitisho wa mwisho, na hapo sikubaliani nao. Kitu kikiwa 500 tu duniani kinapanda bei hata kama hakisisimui mtu yeyote. Stempu za zamani zinapanda bei. Tukitaka jibu la haki lazima turudi kwenye sauti, kule alikosimama mama wa chai.

Injini ya gari huwaka kwa zamu. Kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Silinda nne za IST zinawaka mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo IST ikienda kwa raundi 3,000 kwa dakika, ambazo ni mizunguko 50 kwa sekunde, inapiga miwako 100 kwa sekunde. Lori la dizeli la silinda sita linalopanda mlima kwa raundi 1,500 linapiga miwako 75. Miwako hiyo ndiyo nota. Sikio halihesabu, linasikia tu kwamba lori linaimba besi.

LFA inafika raundi 9,000. Hiyo ni mizunguko 150 kwa sekunde, na silinda 10 zinawaka mara tano kwa kila mzunguko: miwako 750 kwa sekunde. Chukua kinanda cha kwaya, tafuta C ya kati, panda oktava moja, halafu nusu oktava nyingine mpaka kile kitufe cheusi kilicho baada ya F. Nota yake ni mitikisiko 740 kwa sekunde. Hapo ndipo inapofika injini hii ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Kwenye kwaya zetu, hiyo ni sauti ya kwanza, pale juu kabisa ambapo mwimbaji anafunga macho.

Lakini si kila kitu kinachopiga juu kinaimba. Pikipiki ndogo ikivutwa sana nayo inapiga juu, na unataka ipite haraka. Tofauti iko kwenye mpangilio. Safu mbili za silinda za LFA zimekaa kwa pembe ya digrii 72, na namba hiyo haikuokotwa. Mizunguko miwili ya krenki ni digrii 720. Gawanya kwa silinda 10 unapata 72. Maana yake miwako yote imeachana sawasawa, hakuna inayowahi wala kuchelewa, kama wacheza ngoma waliozoeana. Nota inatoka safi. Kisha mabomba ya ekzosi yamepimwa yawe na urefu sawa ili mapigo yasigongane njiani, na kizuia-sauti cha nyuma ni cha titaniamu.

Hapa ndipo Yamaha inapoingia, na hapa ndipo sisi watu wa Nyanda za Juu tunaweza kuielewa habari hii kuliko wengi, kwa kuwa nembo ya Yamaha tumeiona kwenye vinanda vya makanisani tangu utotoni. Zile uma tatu zilizopishana ni uma za kupimia sauti. Kampuni ilianza mwaka 1887 kwa kutengeneza vinanda, na tawi la pikipiki na injini likajitenga mwaka 1955. Injini ya LFA ilitengenezwa na Toyota pamoja na Yamaha ya injini, na kwa upande wa sauti waliitwa wataalamu wa Yamaha ya muziki. Walichofanya ni kile anachofanya mtengeneza gita. Chombo kinachopokea hewa ya injini kilichongwa ili ukuta wake utetemeke kama ubao wa mbele wa gita, na njia maalumu zikapelekwa mpaka ndani, zikifikisha sauti kwa dereva kutoka mbele. Hakuna spika iliyohusika. Magari mengi ya kifahari ya leo hupitisha muungurumo wa kutengenezwa kwenye spika za redio, na ukishajua hivyo unausikia uongo kila unapokanyaga.

Kuna jambo jingine ambalo video haiwezi kulibeba lote. Injini hii inapanda kutoka mngurumo wa kusimama mpaka raundi 9,000 kwa sekunde 0.6. Konrodi na valvu ni za titaniamu, kila silinda ina mlango wake wa hewa, na vitu vinavyozunguka vimepunguzwa uzito mpaka hakuna cha ziada. Mshale wa kawaida wa raundi haukuweza kuifuata, ukawa unabaki nyuma ya injini, ndiyo maana dashibodi ikawekewa kioo chenye mshale wa kuchorwa. Ukimweleza hivi fundi yeyote wa Mwanjelwa atanyamaza kidogo, kwa sababu anajua mshale si kitu kizito.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kasi na msisimko. Kasi ni namba na leo kila mtu anainunua. Gari la umeme la familia linaweza kuondoka kwenye taa haraka kuliko LFA. Na kwenye barabara yetu ya kwenda Zambia, yenye matuta kila kijiji, alama za 50 na askari wenye tochi, kilomita 325 kwa saa hazina kazi yoyote. Lakini kukanyaga na kujibiwa papo hapo, kwa sauti inayopanda pamoja na mguu wako, hilo linawezekana hata kwa mwendo wa kwenda kanisani. Tabo, ambayo magari mengi ya nguvu hutumia sasa, inachelewesha jibu hilo kidogo na kumeza sehemu ya sauti, kwa sababu moshi unapita kwanza kwenye feni kabla ya kutoka.

Niongeze la kwetu, kwa haki. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. LFA ikiletwa hapa, nguvu-farasi zake 552 zingeshuka mpaka karibu 470, na kwenye barabara ya Chunya kule juu zingepungua zaidi. Madereva wa malori wanaijua hesabu hii bila kuiandika. Ndiyo maana wanaipenda tabo. Sauti, hata hivyo, haipandishwi wala kushushwa na mlima kwa nota. Raundi 9,000 ni raundi 9,000, Tanga au Tukuyu.

Turudi kwenye nembo, maana ndiyo iliyomfanya fundi atikise kichwa. Kuna kampuni zilizoogopa nembo zao. Volkswagen, jina lenye maana ya gari la wananchi, ilikuwa imefikia kuwa na injini ya silinda 12 na gari la majaribio la kasi la W12, lakini halikuuzwa kamwe. Ilipotaka kufika mbali ilipitia majina iliyoyanunua mwaka 1998, Lamborghini na Bugatti. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, yenye nguvu-farasi 1,001 na kasi ya kilomita 407 kwa saa, ilitokana na fedha na uwezo wa kampuni iyo hiyo inayotengeneza Golf. Na ilipojaribu kuuza gari kubwa la starehe kwa nembo yake yenyewe, Phaeton, wateja waliangalia ile nembo kwenye boneti wakaenda kwingine, ingawa gari lilikuwa zuri. Phaeton ilizikwa mwaka 2016.

Kwa hiyo nembo ina uzito kweli. Lakini inazuia majivuno zaidi ya inavyozuia msisimko. Mnunuzi wa Phaeton alikosa wa kumwonyesha. Mama wa chai hakuiona nembo.

Kampuni za kawaida hushindwa kwingine, na mfano unaoniumiza ni wa Honda, kwa sababu wao walikuwa wameshaonyesha njia. NSX ya mwaka 1990 ilikuwa na bodi ya aluminiamu yote, injini ya silinda sita ya lita 3.0 inayofika raundi 8,000, viti ambavyo mtu mwenye mgongo wa kawaida anaweza kukaa siku nzima, na Ayrton Senna mwenyewe, bingwa wa mbio za Formula 1, alipewa gari la majaribio aseme kasoro zake. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, amesema mara nyingi kwamba NSX ilimfundisha gari la kasi linavyotakiwa kuwa. Hiyo ilikuwa kampuni ya magari ya shuleni na sokoni.

Halafu ikaja NSX ya pili, mwaka 2016. Tabo mbili, mota tatu za umeme, giaboksi ya gia tisa, kompyuta inayogawa nguvu kwa kila gurudumu. Karibu kila aliyeliendesha alisifu uwezo wake, na wengi wakashindwa kusema walihisi nini. Likaondoka sokoni mwaka 2022 kwa kimya. Nikilitazama naona gari lililojibu maswali ya kila idara: idara ya mazingira, idara ya teknolojia, idara ya mauzo, idara ya usalama. Kila mmoja alipata alichoomba. Ukila chakula kilichopikwa na watu kumi, kila mmoja akionja na kuongeza chake, unashiba lakini husimulii.

Hapa ndipo ninapotoa hukumu yangu. Kampuni kubwa inaweza kusisimua, na inapofanikiwa ni kwa sababu iliwaachia watu wachache wakaidi wafanye jambo ambalo mhasibu wake angelikataa. Gari la msisimko lina upande mmoja lililoegemea, kama mtu mwenye msimamo. LFA iliegemea kwenye sauti na jibu la injini, ikakubali giaboksi ya mshtuko, ikakubali bei isiyoeleweka, ikakubali kuchelewa. Karibu miaka mitano ndani ya kazi hiyo waliacha bodi ya aluminiamu waliyokuwa wameshaitengeneza, wakaanza upya kwa nyuzi za kaboni, kwa sababu ingepunguza kilo 100. Kampuni inayosifika duniani kwa kutotupa hata dakika moja ya mfanyakazi ilitupa miaka.

Na ili kusuka kaboni hiyo walirudi nyumbani. Kabla ya magari, familia ya Toyoda ilikuwa ya mafundi wa vitambaa. Sakichi Toyoda alijulikana kwa mitambo ya kufumia nguo, na kampuni yake ya mitambo hiyo iliundwa mwaka 1926, miaka 11 kabla ya Toyota ya magari. Kwa ajili ya LFA wakaunda mtambo wa kufuma kwa mviringo, unaosuka nyuzi za kaboni kuzunguka umbo la nguzo ya mbele na ukingo wa paa. Napenda sana jambo hili. Ferrari ina mashindano yake ya kusimulia. Toyota ilikuwa na ufumaji, na ilipoacha kuiga Waitaliano ikatumia cha kwao, ndipo gari likapata nafsi.

Kuna mtu mmoja ambaye siwezi kuliandika gari hili bila kumtaja. Hiromu Naruse aliingia Toyota mwaka 1963 kama fundi, akapanda mpaka kuwa dereva mkuu wa majaribio, na ndiye aliyemfundisha kuendesha Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi, aliyekuja kuwa rais wa kampuni mwaka 2009. Naruse aliipima LFA kwa mikono na mgongo wake, miaka mingi, kwenye kona za Nürburgring. Tarehe 23 Juni 2010, miezi michache kabla gari la kwanza la mteja halijatoka kiwandani, alifariki katika ajali karibu na hapo, akiendesha LFA ya majaribio. Alikuwa na umri wa miaka 67. Mafundi wetu wa Mwanjelwa na Mafiati hawajawahi kusikia jina lake, na nadhani wangemwelewa kuliko sisi tunaoandika: mtu aliyeanza na spana na kumaliza akiwa ndiye anayeambiwa "tuambie wewe kama limekaa sawa".

Wapo wanaosema msisimko wa namna hii ni anasa isiyotuhusu, kwamba hakuna LFA itakayopanda mlima wa Kitonga. Huenda hakuna. Lakini mbona vijana wa hapa wanaitambua Scania ya silinda nane kwa mlio wake kabla haijatokeza kwenye kona, na wanaacha walichokuwa wakifanya ili kuiona ikipita? Scania ni kampuni ya malori. Kazi yake ni mizigo. Hakuna kijana kati yao atakayeimiliki, na mwili unamsisimka bila kuomba kibali cha umiliki. Kwa upande wangu hilo limeshajibu kama nembo ya kazi inaweza kusisimua.

Kinachonisumbua sasa ni kinachofuata. Desemba 2025 Toyota ilionyesha gari jipya la maonyesho lenye jina lile lile, Lexus LFA, na safari hii ni la umeme. Hakuna miwako ya kuhesabu, hakuna chombo cha hewa cha kuchonga kama gita. Nilimwambia fundi habari hiyo niliporudi kuchukua gari langu, nikamwuliza litaimba nini.

Alifikiri. "Umeme una sauti yake," alisema. "Mota ya kusaga mahindi unaijua ikiwa nzima na ikiwa imechoka, kwa kusikia tu. Lakini mtu aje akae nayo miaka, aitafute sauti yenyewe ilipo. Wakiweka ya spika, tutajua."

Altezza ilikuwa imeshuka kwenye jeki. Ni ile yenye injini ya 3S, na nilimwonyesha kijana jambo ambalo hakulijua: injini hiyo pia Toyota iliitengeneza pamoja na Yamaha. Nguvu yake ya juu hupatikana kwenye raundi 7,600, yaani miwako 253 kwa sekunde, chini kidogo ya C ya kati kwenye kinanda. Alinitazama, akaitazama boneti, akaingia ndani akawasha. Fundi akasimama kando ya gurudumu la mbele, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akampungia mkono aongeze, aongeze tena, kisha akampa ishara aondoke. Tuliisikia ikibadilisha gia mara mbili kuelekea Kabwe, mpaka bajaji zikaifunika.